Akiba Haiozi: Tufanye Nini na Maembe ya Msimu?



Ukipita soko la Buguruni jioni moja ya mwezi Desemba, utaona jambo ambalo wakazi wa Ilala wamelizoea mno hata hawalioni tena. Asubuhi matenga ya maembe yameshushwa kutoka kwenye malori na wateja wameyazunguka. Saa kumi alasiri fungu lililoanza kwa bei nzuri linauzwa nusu ya bei. Saa moja usiku halina bei kabisa. Kesho yake, kabla lori jingine halijafika, sehemu ya maembe ya jana imo kwenye rundo la takataka na nzi wameshatangulia.

Nyuma ya rundo hilo yupo mtu. Mara nyingi ni mama aliyechukua mkopo kwenye kikoba chake ili anunue tenga moja. Akiuza robo tatu ya tenga, amerudisha mtaji. Robo iliyobaki ndiyo faida yake, ndiyo ada ya mtoto na kodi ya chumba. Kwa hiyo maembe yanayooza mwisho wa siku si mabaki tu. Ni faida yenyewe inayooza. Na siku ya marejesho ikifika, kikoba hakiulizi kama maembe yalioza.

Pembezoni mwa wilaya, huko Chanika, Msongola, Pugu na Kitunda, hali ni ileile kwa sura nyingine. Familia ina mwembe mmoja au miwili uani. Kwa wiki tatu watoto wanakula maembe mpaka wanayakinai, majirani wanagawiwa, na yaliyobaki yanaanguka usiku na kuoza chini ya mti. Mwezi Aprili familia hiyohiyo inanunua jemu dukani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika somo hili tunataka kuonyesha namna ya kuigeuza ziada ya maembe kuwa akiba, kwa vyombo vilivyomo katika nyumba zetu.

Kwa nini maembe yanaoza haraka?

Embe haliachi kuishi linapochumwa. Linaendelea kupumua na kuiva, na linapoiva hutoa hewa inayoharakisha mengine yaliyo karibu nalo kuiva. Ndiyo sababu wazee wetu walivundika maembe kwa kuyafunika pamoja shimoni au kwenye majani. Lakini tenga lililojaa na kufunikwa kwenye joto la Dar es Salaam nalo linavundika, tupende tusipende. Embe moja lililopondeka katikati ya tenga linayaharibu yote yanayoligusa.

Mambo matatu huozesha embe: vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ukungu, na wadudu. Vijidudu na ukungu vinahitaji maji ili viishi, navyo havipendi chumvi nyingi, sukari nyingi wala uchachu mkali. Hapo ndipo penye siri ya hifadhi zote tutakazozieleza. Ama tunaondoa maji kwa kukausha, ama tunaongeza chumvi na siki, ama tunaongeza sukari na moto.

Kuhusu wadudu, mkulima na mfanyabiashara wote wanamfahamu nzi wa matunda. Tangu mwaka 2003, nzi mgeni mwenye asili ya Asia alipogunduliwa Afrika Mashariki, maembe yenye funza yamekuwa tatizo kubwa zaidi. Nzi huyu hutaga mayai ndani ya tunda likiwa bado mtini, kwa hiyo embe linaweza kuonekana zuri kwa nje huku ndani limeshaharibika.

Tulivyokosea mwanzoni

Tulipoanza kufundisha vikundi vya kina mama kuhifadhi matunda, tulianza na kukausha. Tulifikiri ni njia rahisi, kwani jua halinunuliwi. Tulijua kwamba ndugu zetu wa Shinyanga na Tabora hukausha viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa, na vikakaa miezi mingi. Tukakata maembe ndoo tatu, tukayaanika juani katikati ya Novemba.

Siku ya pili mvua za vuli zikanyesha. Siku ya tatu jua likatoka, lakini hewa ilikuwa nzito kwa unyevu wa bahari. Siku ya tano vipande vilikuwa na ukungu wa kijivu, na tukavitupa vyote. Kina mama walionunua maembe yale kwa fedha za kikundi walitutazama kwa upole, lakini tuliona aibu. Tulikuwa tumewapa njia inayofaa Shinyanga bila kuuliza kama inafaa Ilala.

Tangu siku hiyo tunafundisha hivi: usichague njia kwanza. Tazama embe lako limefikia wapi, kisha utazame hali ya hewa. Hayo mawili ndiyo yatakayokuambia njia ya kutumia.

Hatua ya kwanza: chambua jioni ileile

Hasara nyingi zinaamuliwa katika jioni ya kwanza. Ukisema utatazama kesho, kesho utakuta nusu ya uamuzi umeshafanywa na joto. Mwaga maembe kivulini, juu ya turubai safi, uyagawe katika mafungu manne.

1. Mabichi na magumu. Haya ni pamoja na yale yaliyoangushwa na upepo. Kama yamekomaa, yatandaze kivulini bila kuyarundika, nayo yataiva polepole. Kama hayajakomaa hayataiva vizuri, kwa hiyo yafanye achari.

2. Yanayoanza kuiva, bado magumu kidogo. Haya ndiyo ya kuuza kesho. Kama yamezidi mahitaji, ndiyo yanayofaa kukaushwa, kwa sababu vipande vyake havipondeki.

3. Yaliyoiva kabisa, laini, yenye ngozi nzima. Haya hayasubiri. Ni ya kula, ya juisi, au ya jemu usiku huu au kesho asubuhi.

4. Yaliyoharibika. Kama ni alama ndogo ya kupondeka, kata sehemu hiyo utumie iliyobaki papo hapo. Lakini embe lenye funza, lenye ukungu au linalonuka kama pombe usilipike. Moto hauwezi kulirudishia uzima tunda lililooza. Lifukie mbali na mwembe, kwa kina cha kutosha ili nzi wasitoke tena.

Kabla ya kufikiria kuuza, toa sehemu ya mezani. Embe lililoiva, lenye nyama ya rangi ya machungwa, lina vitamini A kwa ajili ya macho na kinga ya mwili, na vitamini C pia. Tumeona nyumba ambamo mama anauza matunda kutwa nzima na watoto wake hawapati hata kipande. Hiyo nayo ni hasara, ijapokuwa haiandikwi kwenye daftari.

Usafi kabla ya yote

Wakazi wa Dar es Salaam hawajausahau mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015. Tunda lililokatwa hubeba kila kilichomo katika maji na mikononi mwetu. Kwa hiyo:

- Osha mikono kwa sabuni, na mwenye kidonda au anayeharisha asishike kazi hii.
- Osha maembe kwa maji safi kabla ya kuyamenya, utomvu wote utoke.
- Tumia kisu kisicho na kutu, na sufuria isiyochubuka.
- Chemsha chupa na vifuniko kwa dakika 10, kisha uvipindue juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe. Usivifute kwa kitambaa.

Njia ya kwanza: achari ya embe

Achari haihitaji jua kali wala mkaa mwingi. Inafaa sana mwezi Novemba na Desemba, mvua zikiwa zinanyesha na maembe mabichi yakiwa tele.

Mahitaji: maembe mabichi kilo 2, chumvi gramu 200, siki nusu lita, mafuta ya kula nusu lita, vitunguu saumu vichwa 2, pilipili kali kwa kadiri upendavyo, manjano vijiko vidogo 2, uwatu na haradali kijiko kidogo kimoja kimoja.

1. Osha maembe, yakaushe kwa kitambaa safi, uyakate vipande pamoja na maganda. Tupa kokwa.
2. Changanya na chumvi, funika, uache usiku kucha. Maji mengi yatatoka.
3. Asubuhi yachuje. Tandaza vipande kwenye sinia, ufunike kwa chandarua safi, na uvipunge hewani kwa saa chache. Mvua ikinyesha viweke ndani, mahali penye upepo.
4. Twanga vitunguu saumu na pilipili, uviweke kwenye siki pamoja na manjano, uwatu na haradali. Chemsha kwa dakika 5. Usiruke hatua hii. Kitunguu saumu kibichi kilichotumbukizwa kwenye mafuta peke yake kinaweza kuzalisha sumu. Kinalindwa na uchachu wa siki.
5. Tia vipande kwenye siki, uchanganye vizuri, upakie kwenye chupa.
6. Pasha mafuta moto, yaache yapoe, uyamimine juu mpaka yafunike vipande vyote.

Acha wiki mbili kabla ya kula. Ukichota tumia kijiko kikavu kila mara, kwa kuwa kijiko chenye maji kinaweza kuharibu chupa nzima.

Njia ya pili: jemu ya embe

Jemu ni ya maembe ya fungu la tatu. Maembe madogo yenye nyuzi nayo yanafaa, mradi uyachuje kwa chujio. Embe lililoiva sana lina utamu lakini limepungukiwa uchachu na ile asili inayofanya jemu igande. Embe bichi linavyo vyote viwili. Kwa hiyo tunachanganya.

Mahitaji: rojo ya maembe yaliyoiva kilo 4, maembe mabichi 2 yaliyokunwa, sukari kilo 3, ndimu 12.

1. Menya maembe, yaponde, uchuje kama yana nyuzi. Tia embe bichi lililokunwa.
2. Pika kwa moto wa wastani kwa dakika 15 bila sukari, ukikoroga.
3. Tia sukari na maji ya ndimu. Ongeza moto. Koroga bila kuacha kwa mwiko mrefu, kwani rojo hurukaruka na huunguza mkono.
4. Pima kama imeiva: dondosha kijiko kidogo kwenye sahani iliyopozwa. Subiri kidogo, kisha ipitishe kidole katikati. Ikiacha njia isiyojifunga, imeiva.
5. Pakia ikiwa bado moto sana, ubakishe nafasi ya sentimita moja juu ya chupa. Funga.
6. Panga chupa kwenye sufuria yenye kitambaa chini na maji ya moto yanayozifunika. Chemsha kwa dakika 10. Zitoe, uziache zipoe bila kuzitikisa.

Tunaulizwa mara nyingi kama sukari inaweza kupunguzwa ili kuokoa fedha. Ukipunguza sana, unachopata ni rojo tamu, si jemu. Itavimba na kuchachuka ndani ya wiki chache. Kama sukari ni ghali, pika kidogo kwa kipimo sahihi.

Njia ya tatu: kukausha

Kukausha kunawezekana Dar es Salaam, ila kwa wakati wake. Subiri mapumziko kati ya vuli na masika, hasa Januari na Februari, jua likiwa kali na maembe ya mwisho wa msimu yakiwa bado yapo. Wala usianike wazi. Tumia kaushio.

Kaushio ni sanduku la mbao lenye miguu, sakafu iliyopakwa rangi nyeusi, trei za wavu safi, na nailoni angavu juu. Liwe na matundu chini ya upande mmoja na juu ya upande wa pili, yafunikwe kwa wavu wa kuzuia nzi. Hewa inaingia chini, inapata joto, inatoka juu na unyevu. Bila matundu ya juu, umejenga jiko la mvuke.

1. Menya maembe ya fungu la pili. Kata vipande vya unene sawa, nusu sentimita hivi. Vikitofautiana, vyembamba vitaungua huku vinene vikiwa vibichi.
2. Vichovye kwa dakika 5 kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, yaliyotiwa maji ya ndimu. Chuja.
3. Panga kwenye trei visigusane. Vigeuze mara mbili kwa siku.
4. Jioni ingiza trei ndani na uzifunike, zisinywe unyevu wa usiku.
5. Kwa jua zuri vitakauka siku 2 hadi 3. Kipande kikavu kinapinda bila kukatika, na ukikiminya hakitoi maji.
6. Viweke kwenye chombo kinachofungwa kabisa kwa wiki moja, ukikitikisa kila siku. Ukiona matone ya maji ndani, rudisha kwenye kaushio siku hiyohiyo.

Uelewe pia kipimo. Kilo 10 za maembe, ukitoa maganda na makokwa, zinabaki kama kilo 6 za nyama. Sehemu kubwa ya nyama hiyo ni maji. Mwisho wa kazi utapata kilo moja hivi, zaidi au pungufu kidogo. Usikate tamaa ukiona trei zimepungua. Maji yametoka, na chakula kimebaki.

Piga hesabu kabla ya kuwasha jiko

Hapa ndipo vikundi vingi vinapojikwaa. Mtu husema maembe yalikuwa ya kutupwa, kwa hiyo kila anachopata ni faida. Tuchukue mfano wa jemu hapo juu. Bei hizi ni za mfano tu, nawe weka zako:

- Maembe kilo 7: shilingi 7,000
- Sukari kilo 3: shilingi 9,000
- Ndimu: shilingi 1,000
- Mkaa: shilingi 3,000
- Chupa mpya 15 na vifuniko: shilingi 12,000
- Jumla: shilingi 32,000

Kila chupa imegharimu zaidi kidogo ya shilingi 2,100, kabla ya kuhesabu jasho lako na nauli. Tazama kwamba maembe hayafiki hata robo ya gharama. Hata kama ungeyaokota bure, bado ungetoa shilingi 25,000 mfukoni. Kama huna uhakika wa mnunuzi, umechukua hasara ya 7,000 ukaigeuza kuwa hasara ya 32,000.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza uza maembe mabivu yakiwa mazima, hata kwa bei ya chini, maadamu bado yananunuliwa. Pili, hifadhi kwa ajili ya nyumba yako. Tatu, ukitaka kuuza, anza na chupa chache kwa watu unaowafahamu, mtaani, kazini au kwenye kikundi. Wakirudi kununua mara ya pili bila kubembelezwa, hapo ongeza.

Ukitaka kuuza madukani

Bidhaa ya dukani inahitaji lebo yenye jina, viungo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na mahali pa kumpata mtengenezaji. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kwa mafunzo na ushauri wa vifungashio. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Usimfungie mteja bidhaa safi ndani ya mfuko uliokatazwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Msimu uliopita, katika kila maembe kumi uliyonunua au kuvuna, mangapi yaliharibika? Yaliharibika lini: njiani, sokoni au nyumbani?
2. Nani katika kikundi chetu anaweza kubaki jioni kuchambua? Nani atamsaidia na watoto wakati huo?
3. Kati ya njia hizi tatu, ipi inafaa mahali petu na mwezi huu? Kwa nini?
4. Pigeni hesabu ya chupa 15 za jemu kwa bei za soko lenu. Je, mngeuza kwa shilingi ngapi, na kwa nani?
5. Dini zetu zinatufundisha nini kuhusu kukusanya kilichobaki na kuepuka israfu?

Msimu ujao malori yatakuja tena, na miembe ya Chanika na Pugu itazaa tena. Hatuwezi kuokoa kila embe, na si lazima. Jaribuni kwa ndoo moja tu: ichambueni jioni ileile, mwandike mlichofanya na mlichopata. Kisha mtuandikie kuhusu yaliyowaendea vizuri, na hata yaliyowaharibikia. Sisi tulianza kujifunza kwa ndoo tatu zilizoota ukungu, na tungefurahi kama nyinyi mtajifunza kwa gharama ndogo zaidi.